Kidonge cha presha na kidonge cha damu: kwa nini mjamzito wa Muheza asivimeze pamoja

Chukulia mama wa miaka 24, mimba ya miezi 7, anayeishi juu huko Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki. Ameteremka mpaka Muheza mjini kwa ajili ya kliniki. Akipimwa, presha inasoma 150 juu na 100 chini. Wekundu wa damu nao uko chini. Anatoka dirisha la dawa akiwa na bahasha mbili ndogo. Moja ina methildopa, wengi wanaijua kwa jina la Aldomet, ya kushusha presha. Nyingine ina vidonge vya madini chuma, vile tunavyoviita vya kuongeza damu. Juu ya bahasha zote mbili pameandikwa kitu kimoja: 1×3.

Nesi anamwambia, "Mama, kunywa asubuhi, mchana na jioni, usiache." Mama anaitikia, "Haya nesi, ahsante." Akifika nyumbani anafanya kama alivyoelekezwa. Kila mlo anatoa kidonge hiki na kile, anavimeza pamoja kwa maji yale yale.

Wiki mbili baadaye anarudi, presha haijashuka. Anaulizwa kama kweli anakunywa dawa. Anaapa kwamba anakunywa, na ni kweli anakunywa. Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya dawa ya presha haijaingia mwilini. Madini chuma yameikamata tumboni.

Mama huyu ni wa mfano tu, lakini mgongano wa dawa hizo mbili ni jambo linalojulikana kwa wataalamu tangu miaka ya 1980. Makala haya yanaeleza kwa nini hutokea, dawa hii ya methildopa inafanya nini hasa mwilini, na familia ya mjamzito ifanye nini.

Kwa nini jambo hili lina uzito sasa?

Tanzania imepiga hatua kubwa katika kuokoa maisha ya kina mama. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2015/16 ulionyesha vifo 556 vitokanavyo na uzazi kwa kila vizazi hai 100,000. Utafiti kama huo wa 2022 ulionyesha vifo 104. Katika utafiti huo wa 2022, asilimia 81 ya kina mama walikuwa wamejifungulia kwenye vituo vya kutolea huduma za afya, na asilimia 65 walihudhuria kliniki angalau mara 4 wakati wa ujauzito.

Vifo vinavyobaki ndivyo vigumu zaidi kuvizuia, na pamoja na kutokwa damu nyingi, shinikizo la damu la ujauzito na kifafa cha mimba ni miongoni mwa sababu kuu. Kutokwa damu huonekana kwa macho, na kila aliye jirani hushtuka. Presha haionekani. Mama anaweza kuchuma machungwa asubuhi akiwa mzima, jioni akaumwa kichwa, usiku akaanguka na degedege.

Kwa vipimo, presha ya mjamzito huhesabiwa kuwa imepanda ikifika 140 kwa namba ya juu au 90 kwa namba ya chini. Ikifika 160 au 110 hiyo ni hali ya hatari inayotaka matibabu ya haraka siku hiyo hiyo. Katikati ya namba hizo mbili ndipo methildopa inapofanya kazi yake kubwa. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani, WHO, liliitaja tena kuwa miongoni mwa dawa za kunywa zinazofaa kwa presha ya ujauzito isiyo kali.

Dawa hii ni ndugu wa dopamini

Wengi hudhani dawa ya presha inafanya kazi kwenye moyo, au inalainisha damu. Methildopa haifanyi hivyo. Kituo chake cha kazi ni ubongo, na njia yake ni mishipa ya fahamu.

Mwili hutengeneza kemikali kadhaa za kupeleka ujumbe kwenye mishipa hiyo. Mlolongo wake huanza na tairosini, inayopatikana kwenye vyakula vya protini kama maharage, samaki na mayai. Tairosini hugeuzwa kuwa dopa. Dopa hugeuzwa kuwa dopamini. Dopamini hugeuzwa kuwa noradrenalini, na mwisho kuwa adrenalini.

Noradrenalini ndiyo inayobeba amri ya hadhari. Ukisikia nyoka kwenye majani, moyo unadunda, mishipa ya damu inakazwa, presha inapanda. Amri hiyo imetoka chini ya ubongo, pale ubongo unapoungana na uti wa mgongo, ikapita kwenye mishipa ya fahamu mpaka kwenye moyo na mishipa ya damu. Hatari ikipita, amri hupungua na presha hushuka. Wanaougua presha ya juu, wengi wao, mishipa hiyo ya hadhari hufanya kazi kupita inavyotakiwa. Imeonekana hivyo pia kwa wajawazito wenye dalili za kifafa cha mimba.

Sasa methildopa ni dopa iliyoongezewa kipande kidogo cha kemikali. Inafanana na dopa ya mwili kiasi kwamba mwili hauitambui kuwa ni mgeni. Inapita ukuta unaolinda ubongo, inaingizwa kwenye mlolongo ule ule, na inatoka upande wa pili ikiwa noradrenalini ya bandia. Mishipa ya fahamu inaihifadhi kwenye ghala lake na kuitoa kama ile halisi. Lakini ndani ya ubongo hiyo bandia hukaa kwenye vipokezi viitwavyo alfa-2, ambavyo kazi yake ni kuzuia. Ni kama dereva anayeteremka kutoka Amani na kukanyaga breki kabla ya kona. Amri ya hadhari inapungua, mishipa ya damu inalegea, presha inashuka.

Wanasayansi wenyewe walianza kwa kukosea. Mwaka 1960, watafiti wa Marekani walipotangaza kwamba dawa hii inashusha presha, walidhani inafanya hivyo kwa kuuzuia mwili usigeuze dopa kuwa dopamini. Maelezo hayo yalikuwa na mantiki, lakini uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba kizuizi hicho hakitoshi kueleza kushuka kwa presha. Dawa ilikuwa inafanya kazi vizuri, ila si kwa sababu waliyoitaja.

Usingizi, kizunguzungu na subira

Tukishajua kwamba dawa inafanya kazi kwenye ubongo, mengi yanayowasumbua kina mama yanaeleweka.

Kwanza ni usingizi na uchovu katika siku za mwanzo. Breki inayopunguza hadhari ya mishipa ya damu inapunguza pia uchangamfu wa mwili. Mara nyingi hali hiyo hupungua baada ya siku kadhaa. Mdomo unaweza kukauka. Mama akiinuka ghafla kutoka kitandani anaweza kupata kizunguzungu, kwa hiyo ni vizuri aketi kwanza kidogo, kisha asimame.

Pili ni kuchelewa. Kidonge kimoja hufikia nguvu yake baada ya saa 4 hadi 6, kwa kuwa lazima kwanza kigeuzwe. Nguvu kamili ya dozi huonekana baada ya siku 2 au 3. Anayepima saa moja baada ya kumeza na kuona namba ni ile ile, asikimbilie kusema dawa haifai.

Tatu ni kuacha. Methildopa haiponyi ugonjwa wenyewe, inaushikilia tu. Ikiachwa, presha hurudi ndani ya takriban siku 2. Mama anayejisikia vizuri akaacha dawa siku ya Ijumaa, anaweza kuwa hatarini ifikapo Jumapili.

Yapo madhara machache ya nadra ambayo yanahitaji kurudi kituoni haraka: macho kuwa ya manjano, mkojo kuwa mweusi, homa isiyoeleweka, au mwili kuishiwa damu ghafla. Dawa hii wakati mwingine huathiri ini, na mara chache huufanya mwili uharibu chembe zake nyekundu za damu. Katika wilaya yenye malaria kama Muheza dalili kama hizo zinaweza kudhaniwa ni malaria tu, kwa hiyo mama aseme mapema kwamba anatumia methildopa.

Mgongano na madini chuma

Sasa turudi kwenye zile bahasha mbili.

Dopa na ndugu zake wote wana umbo la kikemikali ambalo madini chuma hulipenda. Vikikutana tumboni vinashikana, na kilichoshikana hakipenyi vizuri kuta za utumbo kuingia kwenye damu. Mwaka 1988 watafiti nchini Canada walichapisha matokeo ya kuwapa watu methildopa pamoja na vidonge vya madini chuma. Kiasi cha dawa kilichoingia mwilini kilishuka sana. Kisha wakaangalia kikundi kidogo cha wagonjwa wa presha waliokuwa tayari wanatumia methildopa, wakawaongezea madini chuma, na presha ikapanda tena ndani ya wiki 2. Jambo kama hilo limeonekana pia kwa levodopa, dawa ya ugonjwa wa kutetemeka uitwao Parkinson, ambayo ni ndugu wa karibu wa methildopa.

Wazee wenye presha wanaotumia methildopa ni wachache siku hizi, na wengi wao hawanywi madini chuma. Wajawazito ndio wanaopewa vyote viwili. Kila mjamzito anayefika kliniki nchini hupewa madini chuma na asidi ya foliki, vile vidonge vinavyoitwa FEFO. Anayemeza FEFO mara moja kwa siku anaharibu dozi moja ya presha. Aliyepungukiwa damu na kuandikiwa madini chuma mara 2 au 3 anaweza kuziharibu zote.

Matokeo yake ni mazito. Daktari anaona presha haishuki, anaongeza dozi, na mama anabaki na tatizo lile lile. Wengine hulaumiwa kwamba hawafuati masharti. Na kwa kuwa tiba ya mwisho ya kifafa cha mimba ni kujifungua, presha isiyoshuka inaweza kusababisha mtoto azalishwe kabla ya wakati wake.

Dawa zote mbili ni muhimu, na hakuna ya kuachwa. Damu pungufu nayo huua wakati wa kujifungua. Kinachotakiwa ni kuzitenganisha kwa saa 2 au zaidi. Kwa mfano, kidonge cha presha saa 1 asubuhi, saa 8 mchana na saa 3 usiku. Kidonge cha damu saa 11 jioni. Anayetakiwa kunywa madini chuma zaidi ya mara moja amwombe mhudumu ampangie saa zake.

Liko jambo jingine ambalo watu wa Amani, kwenye mashamba ya chai, na watu wa Muheza, kwenye machungwa, watalielewa upesi. Chai huzuia madini chuma yasiingie mwilini, na chungwa husaidia yaingie. Kwa hiyo kidonge cha damu kimezwe kwa maji, mama ale na chungwa lake, na chai isubiri.

Kwa nini basi haijaachwa?

Msomaji anaweza kuuliza: dawa ya miaka ya 1960, yenye usingizi na mgongano na madini chuma, kwa nini bado tunaitumia?

Jibu kubwa ni usalama wa mtoto. Mwaka 1976 madaktari wa Oxford, Uingereza, walichapisha utafiti wa wajawazito waliotibiwa kwa methildopa. Watoto wao walifuatiliwa mpaka wakafikisha umri wa miaka 7 na nusu, na ripoti ya mwisho ya 1982 haikuonyesha madhara makubwa kwa ukuaji wao. Dawa chache za presha zimefuatiliwa kwa watoto kwa muda mrefu hivyo.

Dawa nyingine zinazotumiwa na watu wenye presha, kama enalapril, captopril na losartan, zinaweza kuharibu figo za mtoto aliye tumboni. Mwanamke mwenye presha tangu kabla ya mimba aseme mapema anapohisi amepata ujauzito, ili abadilishiwe.

Hata hivyo methildopa si dawa ya kukimbilia presha ikiwa imepanda sana. Utafiti uliofanyika Nagpur, India, na kuchapishwa 2019, uliwahusisha wajawazito 894 wenye presha kali. Kwa kila kundi waliangalia ni wangapi presha yao ilidhibitiwa ndani ya saa 6 bila madhara. Waliopewa nifedipine walikuwa asilimia 84, waliopewa labetalol asilimia 77, na waliopewa methildopa asilimia 76. Nifedipine iliishinda methildopa, lakini matokeo yalionyesha pia kwamba kituo kidogo chenye methildopa pekee hakiko mikono mitupu. Kinaweza kuanza tiba huku mama akiandaliwa kupelekwa hospitali.

Ifahamike pia kwamba kushusha presha peke yake hakuzuii degedege. Dawa ya kuzuia na kutibu kifafa cha mimba ni sindano ya magnesiamu salfeti, na hiyo hutolewa kituoni.

Baada ya kujifungua

Wengi hudhani mtoto akizaliwa hatari imekwisha. Presha ya mzazi mara nyingi hupanda zaidi kati ya siku ya 3 na ya 6 baada ya kujifungua, wakati ambapo mama yuko nyumbani, amefungiwa ndani, anakandwa maji ya moto na kupikiwa uji wa pilipili manga. Kifafa cha mimba kinaweza kumkuta hapo.

Kipindi hiki ndicho methildopa inapokuwa na kasoro nyingine. Breki iliyo kwenye ubongo inaweza kushusha moyo wa mtu, akawa na huzuni asiyoielewa, katika wiki zile zile ambazo mzazi yeyote yuko karibu na sonona. Kwa sababu hiyo miongozo ya Uingereza inaelekeza kwamba aliyekuwa akitumia methildopa abadilishiwe dawa ndani ya siku 2 baada ya kujifungua. Mama asiache mwenyewe. Aulize kabla ya kuruhusiwa wodini: "Dawa hii naendelea nayo, au nabadilishiwa?"

Mama mkwe, mama mzaa chema na mawifi wanaomhudumia mzazi katika arobaini yake wana nafasi kubwa hapa. Akiwa analia bila sababu, hataki kumshika mtoto, amenyamaza siku nzima, asiambiwe ni mvivu au anajidekeza. Apelekwe kituoni, na kadi yake ya kliniki iende naye.

Ndugu wengine wa dopamini wa kuangaliwa

Mzazi anaweza kukutana na dawa nyingine mbili zinazogusa dopamini.

Ya kwanza ni metoclopramide, maarufu kama Plasil, inayotolewa kwa kutapika. Hii huziba njia ya dopamini. Kwa wasichana na wanawake vijana mara chache husababisha shingo kupinda, taya kukaza na macho kugeuka juu. Anayeona anaweza kudhani ni degedege, au pepo. Kwa kawaida mgonjwa wa hali hiyo huwa na fahamu zake, wakati mwenye kifafa cha mimba huzipoteza. Lakini tofauti hiyo haiamuliwi nyumbani. Yote mawili ni ya kupelekwa hospitali mara moja.

Ya pili ni bromocriptine, inayoiga dopamini, ambayo imewahi kutumika kukausha maziwa, kwa mfano kwa mama aliyefiwa na mtoto. Iliripotiwa kuhusishwa na presha kupanda ghafla na kiharusi kwa baadhi ya wazazi, na Marekani iliondoa idhini ya matumizi hayo katikati ya miaka ya 1990. Mzazi aliyekuwa na presha asiinunue duka la dawa bila daktari.

Kinachoweza kubadilika kesho asubuhi

Mengi katika afya ya uzazi yanahitaji fedha: barabara ya Amani inayopitika wakati wa masika, mashine za presha zinazofanya kazi kila zahanati, dawa zisizokatika. Serikali imeanzisha pia usafiri wa dharura wa m-mama, ambao mjamzito au mzazi aliye hatarini huitiwa kwa kupiga namba 115 bila malipo.

Lakini mgongano wa vidonge viwili hauhitaji bajeti. Unahitaji mtoa dawa aandike saa kwenye bahasha badala ya 1×3 peke yake. Unahitaji mkunga anayeona presha haishuki aulize kwanza, "Mama, hivi vidonge unavimeza vipi?" kabla ya kuongeza dozi. Na unahitaji mume au mkwe anayejua kwamba bahasha hizi mbili haziendi pamoja.

Dalili hizi hazisubiri tarehe ya kliniki: kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu au vimulimuli, maumivu makali chini ya mbavu upande wa juu wa tumbo, uso na mikono kuvimba ghafla, kupumua kwa shida, au degedege. Moja tu kati ya hizo inatosha kuondoka nyumbani, iwe kabla ya kujifungua au ndani ya siku arobaini.

Kwa yule anayetumia methildopa leo, aangalie bahasha zake jioni hii. Kama amekuwa akivimeza pamoja, hajafanya kosa, kwa kuwa hakuambiwa. Asiongeze dozi, asiache dawa yoyote. Avitenganishe kuanzia kesho asubuhi, kisha awahi kupima presha yake na kumweleza mhudumu alichobadilisha.